Alama ya tope nyuma ya kabati

SWALI: Shikamoo mama. Nimepanga chumba Kigogo, Dar es Salaam, jirani na Mto Msimbazi, na kodi ya miezi sita nimeshalipa. Juzi nilisogeza kabati nikakuta alama ya tope ukutani, usawa wa kiuno. Mwenye nyumba anasema maji hayafiki. Masika yanakuja, nina watoto wawili. Nifanyeje? – Mpangaji, Kigogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Kati ya mwenye nyumba na ukuta, mimi namwamini ukuta. Chukua chaki, ichore alama hiyo upande wa mlangoni pia. Chochote usichotaka kilowe kikae juu yake: unga, magodoro, madaftari ya watoto.

Desemba 2011 nilikuwa Hananasif. Maji yaliingia alfajiri, nikaokoa televisheni. Vyeti vyangu vya shule vilikuwa kwenye begi chini ya kitanda! Nilivianika juani siku mbili, wino ukabaki kama chai iliyomwagika. Siku hizi nina ndoo ya rangi ya lita 20, ile ya mfuniko unaobana. Ndani mna vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, mkataba wa pango, tochi na pesa kidogo, vyote kwenye nailoni. Ina mpini, kwa hiyo nikikurupuka usiku naibeba kwa mkono mmoja, mwingine nimshike mtoto.

Wengi hutazama mawingu ya Kigogo, na hapo ndipo wanapokosea. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Huko kukinyesha usiku kucha, kwako maji yanaweza kuja na jua linawaka. Tafuta mtu Pugu au Kisarawe akupigie simu. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa sikiliza kila jioni, na mwezi mpevu au mwandamo uongeze tahadhari: bamvu, yaani maji makuu ya bahari, likijaa, mto unakosa pa kumwagia kule daraja la Salenda unakoingilia baharini, maji yanatuama bondeni.

Yakianza kupanda, shusha swichi kuu ya umeme kabla hayajafika kwenye soketi, na ukikuta miguu yako tayari imo majini, usiiguse. Funga gesi. Toka mapema kupitia njia uliyokwisha kuijaribu na watoto usiku, siyo ya mchana tu. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu mzima, basi usivuke. Ukikwama piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Jambo jingine tunaona aibu kulisema: mvua ikinyesha, majirani wanatapisha vyoo. Maji hayo ni kinyesi. Watoto wasiyachezee, na ya kunywa chemsha hata kama yametoka bombani.

Kodi ikikaribia kuisha, tafuta chumba kingine siku ya mvua kubwa. Dalali atakutajia visingizio vya kuahirisha. Mwambie unakuja na mwavuli.