Maswali na Majibu: Wino wa Kichina juu ya Pepeo la Kukunja

Mapepeo meupe ya karatasi, yale yanayouzwa bila picha ili mtu achore mwenyewe, yameanza kuonekana mikononi mwa wachoraji wa Lubumbashi, na barua za kuuliza namna ya kuyachora kwa wino zimetufikia nyingi. Tumechagua tano.

Nilichora mianzi juu ya pepeo jeupe. Wino ulijikusanya ndani ya mikunjo, na pale karatasi inapoinuka mistari ilikatikakatika. Kosa ni la burashi au la karatasi?
*Msomaji, komini ya Katuba*

Kosa ni la maji, ndugu. Karatasi ya pepeo haifanani na ile laini inayokunywa wino. Ni tabaka mbili au zaidi zilizobandikwa pamoja, na uso wake umepakwa maji ya gundi na shabu ili wino usipenye. Wino ukitua hapo unakaa juu, na ukiwa mwingi unateremka hadi bonde la mkunjo. Kwenye mgongo mambo ni kinyume: ncha ya burashi inagusa kilele, kisha inaruka upande wa pili bila kuacha alama.

Anza na karatasi yenyewe. Ikiwezekana, itoe kwenye njiti zake. Katika mapepeo mengi njiti za ndani zimechomekwa tu katika vijia vilivyo kati ya tabaka. Zilizobandikwa kwa gundi ni zile mbili nene za pembeni. Weka kitambaa chenye unyevu juu ya gundi hiyo kwa dakika chache, bandua polepole kwa kisu butu, halafu vuta njiti zote pamoja kuelekea chini. Geuza karatasi, nyunyizia upande wa nyuma ukungu mdogo wa maji, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe safi, juu yake ubao na vitabu vizito, ilale hivyo usiku kucha. Gazeti lisitumike, maana wino wake unahamia. Pasi ya moto pia hapana. Wala usitamani karatasi iwe bapa kabisa: mikunjo ikifutika, pepeo halitafungika tena sawasawa.

Sasa burashi. Kwa mashina na majani tafuta yenye nywele ngumu kidogo, kama za kicheche; ya manyoya ya mbuzi inabeba maji mengi, iache kwa kivuli chepesi tu. Ichovye katika maji safi, ikamue kwa kitambaa, gusisha wino kwenye ncha peke yake, kisha ipanguse mara mbili kwenye ukingo wa kisahani. Jaribu mstari mmoja juu ya pepeo bovu, si juu ya daftari, kwa sababu daftari linakunywa wino kwa namna nyingine. Mstari ukibaki unameremeta kwa maji, burashi bado imeshiba mno.

Mianzi inakubaliana vizuri na pepeo. Panga shina lifuate mkunjo, toka chini kwenda juu, pingili moja moja, na kati ya pingili acha nafasi ndogo nyeupe. Hapo hutavuka mgongo wowote. Majani ndiyo yatakayovuka: ukikaribia mgongo punguza mwendo, kandamiza kidogo, ukishapita inua. Wino ukijikusanya bondeni usingoje. Unyonye palepale kwa ncha ya burashi kavu. Tangulia na wino mwepesi, ukauke kabisa, ndipo ulete mzito. Tabaka tatu zinatosha. Ukilowesha zaidi, gundi ya kati inalegea, karatasi inavimba mapovu, na mapovu hayo hayarudi.

Kuna haja gani ya kusaga wino wa kipande, wakati wino wa chupa upo? Na ule mweusi wa kuchorea ramani je?
*Mwanafunzi, Kampemba*

Wa ramani uache kabisa. Aina nyingi zina utomvu wa lakeri unaokauka kuwa ngozi ngumu. Pepeo likifungwa na kufunguliwa, ngozi hiyo inapasuka kwenye kila mkunjo, na burashi nayo inaharibika. Wino wa chupa wa Kichina unafaa kwa mazoezi. Wa kipande ni bora kwa sababu wewe ndiye unayeamua uzito wake.

Kipande hicho ni masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyokandwa na gundi ya wanyama. Weka nusu kijiko cha chai cha maji juu ya jiwe la kusagia, simamisha kipande wima, zungusha taratibu bila kukandamiza kwa dakika tano hadi kumi. Njia inayoachwa na kipande juu ya jiwe ikianza kuchelewa kujifunga, wino umekolea. Gawa katika visahani vitatu na uongeze maji matone tofauti: mzito, wa kati, mwepesi. Kipande kipanguswe mara moja, kisilale ndani ya maji. Wakati wa kiangazi chetu, kuanzia Mei, hewa ya Lubumbashi inakausha vipande hadi vinapasuka. Kifunge kwa karatasi na ukiweke ndani ya kisanduku. Wino uliosagwa leo utumike leo, kesho gundi yake itakuwa imeanza kuoza.

Mimi nimekulia katika uchoraji wa hapa kwetu, ule wa kujaza ubao wote kwa nukta na mistari. Kwenye pepeo nafanya vilevile, lakini picha inaonekana imebanwa. Nipunguze nini?
*Mchoraji, Kamalondo*

Swali lako limetufurahisha kuliko yote, papa. Tangu karakana ya Hangar aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 mjini hapa, wakati ule ukiitwa Élisabethville, wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walionyesha kwamba ubao unaweza kujazwa pembe hadi pembe na bado ukapumua. Kujaza ni ustadi wa kweli, usiutupe. Ila pepeo lina mambo mawili ambayo ubao hauna: umbo la upinde na mikunjo. Mikunjo tayari ni mistari mingi yenye kivuli chake. Ukiongeza nukta kila mahali, jicho halipati pa kupumzika.

Shen Zhou na Wen Zhengming, mabwana wa Suzhou wa enzi ya Ming, walichora juu ya karatasi kama hizi, mara nyingi kimo cha sentimita 18 hivi na upana wa karibu 50. Angalia wanavyogawa nafasi: mwamba au mti umewekwa upande mmoja, tawi moja linanyooka kuelekea upande wa pili, na sehemu kubwa inaachwa bila wino, nayo inasomeka kuwa maji au ukungu. Jaribu hivyo: theluthi moja ijazwe kwa mkono wako wa Hangar, nukta na yote, kisha upite msitari mmoja wa tawi au wa ndege, basi.

Angalia pia upeo wa maji. Ukiufuata upinde wa karatasi, mitumbwi ya pembeni itaonekana inateleza. Ukiunyoosha kabisa, pembe mbili za chini zinabaki tupu. Dawa ni kuufuata upinde kwa mawe na nchi kavu, halafu maji na mitumbwi kuyaweka sawa kwa mlalo. Sehemu ya vidole viwili kila mwisho iache wazi, kwani njiti nene zitaifunika. Ukitaka kuandika shairi, mkunjo mmoja uwe na safu ndefu na unaofuata safu fupi ya juu tu, kwa vile chini nafasi inabana.

Pepeo langu ni la karatasi ya dhahabu. Wino unajikunja matone matone.
*Mama msomaji, Ruashi*

Uso una mafuta, mama. Chukua pamba kavu yenye poda kidogo ya talki isiyo na manukato, sugua kwa wepesi, pukuta yote. Kisha tumia wino mzito kuliko wa kawaida, na usipite mara mbili mahali pamoja.

Nataka kutengeneza karatasi yangu. Shabu ni kiasi gani?
*Mwalimu, komini ya Kenya*

Kanuni ya zamani ya Wachina ni gundi saba kwa shabu tatu. Kwa lita moja ya maji pima jelatini isiyo na sukari gramu 18 na shabu gramu 7 au 8. Loweka jelatini katika maji baridi hadi ivimbe, iyeyushe kwa maji ya moto yasiyochemka, kwani ikichemka inapoteza nguvu. Shabu iyeyushe peke yake. Changanya vyote vikiwa vuguvugu, chuja kwa kitambaa, paka kwa burashi pana kwa mwelekeo mmoja, anika kivulini, kisha paka upande wa pili.

Ikikauka, dondosha tone la maji. Likizama papo hapo, paka tena. Likisimama sekunde kadhaa, iko tayari. Ukiona uso unang'aa chembechembe, shabu imezidi, na karatasi hiyo itakatika kwenye mikunjo baada ya muda. Chora kwanza, subiri siku nzima ikauke, ndipo ukunje.