Maswali na Majibu: Redio Ilipotangulia Bodi ya Shule

SWALI: Assalaam aleikum, Bi. Mshauri. Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya usimamizi ya shule moja ya upili ya bweni hapa Malindi. Muhula uliopita mwanafunzi wetu wa kike alinajisiwa, na kabla bodi haijakutana, habari ilikuwa imekwisha kutangazwa redioni. Jina lake halikutajwa, ila mtangazaji alitaja kidato chake, mtaa wao na kwamba babake huendesha mashua ya watalii. Kufikia adhuhuri hakuna mtu aliyekuwa hamjui. Sasa wenzangu wanataka sera ya shule iseme mambo mawili: runinga ya bwaloni iondolewe kwa kuwa ndiyo inayowaharibu vijana, na mwalimu au mwanafunzi atakayezungumza na mwanahabari aadhibiwe. Je, tutakuwa tumefanya sawa?
Mzazi, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kuhusu redio, bodi yenu ina haki ya kulalamika. Kanuni za maadili ya wanahabari zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinakataza kumtambulisha mwathiriwa wa dhuluma za kijinsia, au kutangaza jambo linaloweza kuwafanya watu wamtambue, na katika mji kama wetu, kutaja kidato, mtaa na kazi ya baba ni kumtaja mtoto mwenyewe. Mwandikieni mhariri wa kituo hicho, na asipowaridhisha, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza hilo.

Hata hivyo, kosa la mtangazaji halihalalishi kumziba mwalimu mdomo. Waraka Na. 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) unamtaka mwalimu yeyote aliyepata habari za dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha huchukuliwa hatua za nidhamu. Najua wenzako watasema kwamba wao wanazuia wanahabari tu, si polisi wala afisa wa watoto. Lakini matroni wa bweni akisoma kwamba atakayezungumza ataadhibiwa, hataanza kupambanua azungumze na nani. Atanyamaza kabisa, na anayenufaika na ukimya huo ni mkosaji.

Tena ukimya huo una gharama. Mwaka 2015, katika kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi huko Nakuru walionajisiwa na mwalimu wao, Mahakama Kuu iliamua kwamba TSC na serikali wanawajibika pamoja na mwalimu huyo, ikawapa wasichana hao fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3. Jaji Mumbi Ngugi alikemea waziwazi mtindo wa kumhamisha mwalimu wa namna hiyo kutoka shule moja hadi nyingine, mtindo ambao sisi wa Pwani tunaufahamu vizuri, ingawa hatupendi kuuzungumzia.

Kuhusu runinga, sitakawia. Tamthilia na nyimbo zinazomwonyesha msichana akikataa, mwanamume akimshikilia, kisha msichana akimpenda kwa ajili hiyo, zina sumu yake, na mwalimu wa ushauri nasaha angefanya vyema kuketi na wanafunzi wazijadili badala ya kuzima mitambo. Ila tusijidanganye. Julai 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki na 71 walibakwa, katika enzi ambayo wanafunzi hawakuwa na simu za mkononi wala mitandao ya kijamii. Magazeti ndiyo yaliyochapisha kauli ya naibu wa mwalimu mkuu kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu, na aibu ya kauli hiyo ndiyo iliyolazimisha nchi nzima kuuliza wakubwa wa shule hufikiri nini. Kama shule ingefaulu kuifunika habari hiyo, tusingeuliza.

Basi sera yenu ishughulike na usiku ule wa kwanza. Iandikwe nani atamsindikiza mtoto hospitalini, usiku huohuo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na zikianzwa mapema zaidi ndiyo bora. Iandikwe kwamba asioshwe kwanza. Hapa kwetu mama au matroni mwenye huruma hukimbilia kumwogesha binti na kuiloweka sare yake, na ushahidi wote ukaishia katika karai; nguo zile zikunjwe bila kufuliwa, zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu huharibu ushahidi. Iandikwe pia kwamba hakuna kumalizana kwa mzee wa mtaa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, uamuzi wa kusitisha mashtaka si wa familia wala wa bodi, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mshukiwa akiwa mfanyakazi, aondoke shuleni uchunguzi ukiendelea, asipewe kazi ya lango badala ya jikoni. Na kwa wanahabari, mteueni mtu mmoja wa kuthibitisha kwamba jambo limeripotiwa, bila kueleza lolote la kumhusu mtoto.

SWALI: Bi. Mshauri, shikamoo. Nasoma chuoni, na mhadhiri mmoja ananitaka kimapenzi ndipo anipe alama zangu. Jumbe zake ninazo. Rafiki zangu wanasema nizianike TikTok. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usizifute, na usizianike bado. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 kinamhusu mtu mwenye mamlaka anayeendelea kukusumbua kimapenzi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ukitangulia mtandaoni, atapata nafasi ya kufuta alichonacho na kukushtaki wewe kwa kumharibia jina.

Vyombo vya habari vinaweza kukufaa, mradi vifanye kazi yake. Oktoba 2019 BBC ilitangaza uchunguzi uliorekodiwa kwa siri kuhusu wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana, na vyuo hivyo vikawasimamisha kazi waliohusishwa. Kinyume chake, jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapisha mwaka 2014 habari ya ubakaji katika Chuo Kikuu cha Virginia bila kuihakiki ipasavyo, likaifuta Aprili 2015, na wasiopenda kuwasikiliza wasichana wakapata kisingizio kipya.

Nakili jumbe zote pamoja na tarehe na nambari ya simu, mpe nakala mtu unayemwamini, kisha mwandikie afisa mkuu wa chuo anayesimamia masuala ya wanafunzi (dean) na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukizungushwa, nenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au piga 1195, nambari ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, bila malipo.