Dada wa Tabora, usiilipie hiyo meli kabla hujahesabu mnaingia Schengen mara ngapi

Simama hapo hapo dada. Usitume hata shilingi.

Nimelisoma swali lako mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo yana shida. Unataka kuwapeleka wazazi safari ya meli ya kitalii ya siku saba: mnapandia Civitavecchia, bandari ya Roma, mnapita Ugiriki, mnashuka Kusadasi kule Uturuki ili mama aione Efeso, mnarudi visiwa vya Ugiriki, mnamalizia Civitavecchia. Na wakala wako anasema viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja inatosha "kwa sababu meli ni ile ile na inarudi pale pale."

Hayo maneno nayajua. Niliambiwa mimi mwaka 2023, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi Dar, na kijana mmoja mwenye tai nyekundu. Kama ni huyo huyo, mwambie Kapteni wa Kibirizi anamsalimia. Kapteni ndilo jina ninaloitwa sasa hapa Kigoma. Nimelipata kwa kusafiri hadi Ulaya kupanda meli na kutoipanda.

Mimi na mama Neema tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Nauza dagaa na mawese, hela yangu inanuka, lakini ni hela. Tulidunduliza misimu mitatu. Mama Neema alitaka kusali kwenye ile nyumba ya Bikira Maria kilimani karibu na Efeso, alikofika Papa Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979 na Benedikto XVI mwaka 2006. Mimi nilitaka kuuona ule ukumbi wa mawe ambako Waefeso walipiga kelele saa mbili mfululizo kwa sababu Paulo alikuwa anawaharibia soko la sanamu. Mfanyabiashara mwenzenu nawaelewa kabisa wale.

Fomu ya viza alijaza wakala. Mle ndani kuna sehemu inauliza unaomba kuingia mara ngapi: moja, mbili au nyingi. Akatia tiki kwenye moja. Nikamuuliza, maana mimi si mjinga wa hivyo, akanijibu, "Mzee wangu, Schengen ni kama nchi moja. Ukishaingia umeingia." Kinachoniuma ni kwamba hakusema uongo. Alisema nusu, akaniachia nusu nyingine nikaijue bandarini. Halafu ada ni ile ile! Nililipa euro 80 (tangu Juni 2024 ni euro 90), na ningeomba kuingia mara nyingi ningelipa hizo hizo. Kile kisanduku cha tatu kingemgharimu tone la wino.

Viza ikatoka. Nikaitazama picha yangu, nikatazama tarehe, nikaibusu pasipoti mbele za watu. Kwenye stika, karibu na idadi ya siku za kukaa, pameandikwa 01. Nikadhani ni namba ya foleni.

Sasa fika nasi Civitavecchia. Meli imesimama pale kama mtaa mzima wa Mwanga umejengwa ghorofa. Mama Neema kavaa kitenge kipya, ananiuliza hiyo kitu inaeleaje. Tumetoa mabegi, binti wa mapokezi anatabasamu, anafungua pasipoti ya kwanza, anafungua ya pili, anarudia ya kwanza. Tabasamu likaondoka. Akamwita mkubwa wake. Yule mkubwa akachukua karatasi ya ratiba na kalamu, akaanza kututilia alama kwa utulivu kama mwalimu wa hesabu: Italia, ndani. Ugiriki, ndani. Uturuki, nje. Ugiriki tena... akaweka kalamu chini. Akanionyesha ile 01 kwa kidole.

Nikueleze kwa namna ambayo mtu angenieleza mimi ningeelewa. Schengen ni nyumba ya kupanga yenye vyumba 29, na kila chumba ni nchi. Ukishapita getini, uani unazunguka utakavyo, hakuna anayekuuliza. Ukitoka nje ya geti, hata ukaenda kununua kiberiti tu, ukirudi unagonga upya. Mwenye 01 anagonga mara moja. Kusadasi iko nje ya geti. Meli ikitoka pale kurudi Ugiriki, wewe unagonga mara ya pili na huna ruhusa. Meli nayo haibebi abiria inayejua atakwamia njiani, kwa hiyo wanakumalizia pale pale mwanzoni. Haijalishi kwamba usingeshuka Kusadasi. Nilijaribu hilo. Nilijaribu pia kusema tutabaki chumbani na pazia tutafunga.

Hela ya meli haikurudi. Masharti yanasema hati za safari ni juu ya abiria, na nilikuwa nimeyasaini bila kuyasoma. Ile bima ya lazima ya viza, ya euro 30,000, inahusu kuugua, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimeachwa. Chumba cha watu wawili, milioni sita na ushee, kikaondoka kitupu. Kubadilisha tiketi za ndege kulikuwa ghali kuliko kulala, basi tukalala wiki nzima nyumba ya wageni, tunakula mkate na nyanya, tunahesabu sarafu. Jioni ile ya kwanza tulikaa karibu na ile ngome ya zamani ya bandarini tukaiangalia meli ikiondoka na taa zake zote. Mama Neema akasema, "Baba Neema, mle ndani kuna kitanda chetu." Sikujibu.

Na mimi ni mtu wa Kigoma, nimezaliwa naisikia honi ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika! Liemba ilishushwa majini 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Meli imekaa chini ya maji miaka minane ikarudi. Milioni zangu sita mpaka leo hazijaibuka.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kila bandari kwa mpangilio wa siku, mbele yake andika ndani au nje. Usiandike kwa kukisia wala kwa kumuuliza mwenye tai. Kroatia imeingia Januari 2023, basi Dubrovnik ni ndani, lakini Kotor ya Montenegro, hapo hapo jirani, ni nje. Kupro wako Umoja wa Ulaya lakini Schengen hawamo. Uturuki, Albania, Tunisia, Moroko, Uingereza, zote nje. Kuingia kwa kwanza ni moja, kisha kila mnapokwenda nje mkarudi ndani, ongeza moja. Safari yako wewe ni mbili. Omba MULT, yaani nyingi, maana hata meli ikibadilishiwa bandari njiani hamtakwama.

Najua atakuja mtu hapa chini kusema shemeji yake alizunguka Barcelona, Marseille na Genoa na viza ya 01 na hakuulizwa. Ni kweli. Zote hizo ziko uani. Asikuchanganye.

Na sasa ndiyo lile ambalo ningekuja Tabora kukupigia kelele dirishani kama ningekuwa na nauli: USIMALIZIE malipo ya meli kabla hujaisoma stika kwa macho yako mwenyewe. Toa kianzio tu, na uulize kama kinarudishwa viza ikikataliwa, wakupe jibu kwa maandishi. Salio huwa linadaiwa miezi miwili mitatu kabla ya kuondoka. Maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla. Unaona nafasi iliyopo hapo katikati? Mimi sikuiona. Peleka maombi mapema, weka barua fupi yenye ratiba ya meli siku kwa siku, uandike wazi kwamba siku fulani tunatoka kwenda Uturuki na siku fulani tunarudi Ugiriki, ndiyo maana tunaomba kuingia zaidi ya mara moja. Majibu kwa kawaida ni siku 15 lakini yanaweza kufika 45. Stika ikitoka, soma hiyo sehemu kabla ya kutazama picha. Za wazazi wote wawili, si ya mmoja. Wakikupa 01, bado una muda wa kutafuta ratiba nyingine yenye bandari za ndani tupu, mama akose Efeso lakini apande meli.

Ruhusa ya kushuka Uturuki ni jambo lake peke yake, iulize meli kwa barua pepe, usimuulize wakala. Wazee itabidi wafike wenyewe Dar kwa alama za vidole, umri hausamehewi. Wapumzishe Dodoma, kuanzia hapo treni ya SGR ipo.

Wakala nilimrudia, ndiyo. Alinipa soda na kuniambia "pole mzee wangu, wale Wazungu wana roho mbaya." Nikainywa soda, maana ndicho kitu pekee nilichorudishiwa.

Tuma hapa orodha ya bandari zako nikuhesabie, usione aibu.

Uliuliza pia kama wazee wachukue chumba cha ndani au chenye dirisha, kuhusu dawa ya kichefuchefu, na nguo za kuvaa chakula cha usiku. Hayo wasubiri waliopanda.