Wasomaji Wauliza: Kutoka Uchumi wa Kilimo Hadi Kiti cha Benki

SWALI: Mhariri, niko mwaka wa tatu nikisomea uchumi wa kilimo, kampasi ya Upper Kabete. Nyumbani wananiambia nitaishia kupima magunia ya mahindi. Nasikia Akinwumi Adesina alisomea fani hii hii, kisha akaongoza Benki ya Maendeleo ya Afrika. Alipitia wapi? – Mwanafunzi, Kangemi

JIBU: Alianzia kwa wakulima, na hakuharakisha. Shahada ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, mwaka 1981, na uzamivu Purdue, Marekani, mwaka 1988. Kisha akaingia kwenye utafiti wa mpunga Afrika Magharibi. Tafuta makala aliyochapisha na mwenzake mwaka 1993 kuhusu mpunga wa mikokoni nchini Sierra Leone. Hawakuishia kuuliza mavuno. Waliuliza pia kama mpunga huo unapurika kwa urahisi, kama unapikika vizuri, ladha yake ikoje. Majibu hayo ndiyo yaliyoeleza nani alipanda mbegu mpya na nani aliikataa. Mchumi asiyejua hilo hubuni mkopo wa mbegu ambayo hakuna anayeitaka.

Upande wa fedha ulikolea hapa hapa Nairobi, alipokuwa makamu wa rais wa AGRA, shirika linalosaidia wakulima wadogo wa Afrika. Mwaka 2008 AGRA na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, waliweka dhamana ya dola milioni 5, na Equity Bank ikatenga dola milioni 50 za kukopesha wakulima na wenye maduka ya pembejeo. Benki humwogopa mkulima kwa sababu ya wazi: mvua ikikosa Machakos, wakopaji wote wa huko hushindwa kulipa msimu mmoja. Dhamana hubeba sehemu ya hasara hiyo. Kazi ngumu ni kupima kiwango chake. Ikiwa kubwa mno, afisa wa mikopo haoni haja ya kumchunguza mteja; ikiwa ndogo mno, benki haitoi hata shilingi. Jifunze hesabu hiyo vizuri kuliko nyingine yoyote.

Mwaka 2011 akawa waziri wa kilimo wa Nigeria, na Mei 2015 akachaguliwa rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika huko Abidjan, katika raundi ya sita ya kura. Mshindi lazima apate wingi wa kura za wanachama wote, na pia wingi wa kura za nchi za Afrika peke yake. Mwaka 2019 wanahisa wa benki hiyo walikubali kupandisha mtaji wake kutoka dola bilioni 93 hadi bilioni 208. Usidhani zote ni pesa taslimu: sehemu kubwa ni ahadi ambayo benki inaweza kuidai ikikwama, na ahadi hiyo ndiyo inayoiwezesha kukopa kwa riba nafuu. Aliondoka 2025, akafuatwa na Sidi Ould Tah wa Mauritania.

SWALI: Nina duka la pembejeo Wangige. Ule mpango wa Adesina wa mbolea kwa simu, alipokuwa waziri Nigeria, ulifanyaje kazi, na ulikwama wapi? – Muuzaji

JIBU: Mkulima aliandikishwa, akatumiwa ujumbe kwenye simu, akaenda kwa muuzaji aliyeteuliwa, akalipa nusu ya bei ya mifuko miwili ya kilo 50. Nusu nyingine muuzaji aliidai serikali. Faida yake ilikuwa kubwa: serikali iliacha kununua na kusambaza mbolea yenyewe, na walanguzi wakakosa mlango waliouzoea.

Ulikwama pale ambapo hapakuwa na mtandao, na namba ya simu ilipokosewa wakati wa kuandikisha. Lakini kidonda kikubwa kilikuwa malipo ya wauzaji kuchelewa. Muuzaji aliyechukua mzigo kwa mkopo huendelea kulipa riba huku akisubiri hundi ya serikali. Ukialikwa kwenye mpango wowote wa ruzuku hapa Kenya, uliza kwanza utalipwa baada ya siku ngapi na nani atabeba riba, na majibu yawe kwenye mkataba.

SWALI: Niongeze masomo gani nikitaka kazi ya benki ya maendeleo? – Mhitimu, Kasarani

JIBU: Ekonometria (takwimu za kupima mambo ya uchumi), tathmini ya miradi, na Kifaransa, kwa kuwa Benki ya Maendeleo ya Afrika hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa uzamili, angalia mpango wa pamoja wa uchumi wa kilimo unaosimamiwa na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, hapa Nairobi.