Kabla hujaitafsiri "gift"

Ninyi mnaoanza kazi ya tafsiri, niwape kosa langu la mwaka wa kwanza. Nililetewa fomu ya Kiswidi. Kwenye hali ya ndoa, kisanduku cha "gift" kilikuwa na alama ya vema. Maana nilikuwa naijua, nikaandika "ameoa", nikafungua ukurasa unaofuata. Mwenye fomu alikuwa mwanamke. Kazi ilinirudia na duara jekundu, pembeni swali moja: "Kamuoa nani?"

Kwa Mswidi, mume ni gift na mke ni gift. Kiswahili hakikuachii hivyo. Soma fomu nzima, jina na jinsia, ndipo uguse neno.

Hapo bado hatujafika kwenye sumu. Katika Kiswidi hichohicho, ett gift ni sumu, na uyoga ukiambiwa ni giftig usiupeleke jikoni. Kidenmaki na Kinorwei ni vivyo hivyo. Mjerumani akisema das Gift anamaanisha sumu tu, ndoa haimo. Mholanzi kagawa: gift ni zawadi au mchango, sumu ni gif au vergif. (Akina Gift wetu, na ni wengi, wakihamia Berlin wazoee kutazamwa mara mbili.)

Yote yametoka kwenye kitenzi kimoja cha kale cha kutoa, ambacho kwa Wajerumani leo ni geben. Binti hutolewa, ndiyo ndoa. Hata Kiingereza cha kale kilitumia neno hili kwa mali ya kupatia mke. Tamko la leo, lenye g nzito, kililipata kwa watu wa Skandinavia. Kijerumani nacho kimebakiza die Mitgift, mali anayoondoka nayo bibi harusi kwao. Wanafunzi wengi huitafsiri "mahari", nami huifuta kila mara, maana mahari yetu hutoka upande wa mwanamume. Andika "mali aliyopewa bibi harusi na wazazi wake". Ni ndefu, lakini haimdanganyi msomaji. Angalia pia die na das, vineno vya Kijerumani vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake: Gift ya zamani iliyomaanisha zawadi ilikuwa die, kama Mitgift, ya sumu ni das. Vineno hivyo msiviruke.

Sumu iliingia kupitia kwa waganga. Wagiriki walikuwa na neno dosis, yaani kutoa, wakalitumia pia kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Wajerumani wakaiga kwa neno lao wenyewe: kwanza kitu apewacho mgonjwa, baadaye kitu apewacho mtu ili afe. Ni tafsida, kama nasi tunavyosema fulani "amepewa kitu" na kila mtu barazani akaelewa. Na dosis hiyo mnayo midomoni kila siku, maana ndiyo dozi yetu, iliyotufikia kupitia Kiingereza.

Msiwacheke Waswidi lakini. Mmoja wao anayejifunza Kiswahili aliniuliza inakuwaje mzee ameoza binti yake na maembe yake nayo yameoza. Nilimfungulia kamusi nikamwonyesha vidahizo viwili, yaani maneno mawili yaliyoorodheshwa kila moja peke yake: oza ya kwanza imezaliwa na oa, ya pili haina harusi yoyote ndani yake, zimekutana sauti tu. Akasema kwao ni kinyume, gift mbili, mama mmoja. Kisha akauliza kama aandike "kuozesha" ili awe salama. Nikamwambia aandike.