Dagaa wa mvua, vizimba na kibanda cha ufukweni: maswali yenu

Mkaushaji wa dagaa, Igombe: Mvua zinanimaliza. Mawingu yakikaa siku mbili dagaa wanageuka, naishia kuwauza chakula cha kuku. Nifanyeje?

Pole sana, mama. Anza na hesabu. Karibu robo tatu ya dagaa mbichi ni maji, hivyo kilo 100 zikikauka vizuri hubaki kilo 28 hivi. Yaani kila kilo kavu imebeba bei ya kilo tatu na nusu mbichi, bado chumvi, kibarua na nauli. Wakigeuka, gharama hiyo umeshalipa yote, na mwenye kuku hawezi kukurudishia.

Ondoka mchangani. Mchanga unapitisha unyevu kutoka chini hata jua likiwaka. Jenga kichanja cha mirunda, kimo mita 1, upana usizidi mita 1 na nusu ili mkono ufike katikati. Tandaza nyavu kuukuu ya dagaa na uikaze sana. Ikibonyea, dagaa hurundikana pale katikati na hao ndio huanza kunuka. Kabla ya kuanika, waloweke kwenye maji ya chumvi, kilo 1 kwa lita 10, dakika 15, kisha wachuje. Anika safu moja, geuza kila baada ya saa mbili. Turubai la mvua likae juu ya fremu; ukiwafunika nalo moja kwa moja, joto na jasho hubaki ndani, matumbo yakapasuka. Kabla ya kufunga gunia, mkunje dagaa mmoja: akikatika amekauka, akipinda mrudishe kichanjani. Wanunuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanatazama rangi kwanza, na weupe wa fedha ndio bei.

Asubuhi ikiamka na mawingu, nunua kiasi ambacho kichanja na kikaango chako vinakiweza. Watakaozidi wakaange siku hiyohiyo.

Mfugaji wa sato, Ilemela: Usiku kulikuwa na upepo mkali, alfajiri samaki wameelea kizimbani. Nimewekewa sumu?

Usimtuhumu jirani kwanza. Kama wamekufa alfajiri, midomo wazi, na wakubwa ndio waliotangulia, hewa ya oksijeni ilikwisha majini. Upepo huinua maji ya chini ya Ziwa Victoria yasiyo na hewa, hasa Juni hadi Agosti kusi linapovuma. Maji yakiwa ya kijani ni hatari zaidi, kwa sababu mwani nao huvuta hewa usiku.

Ukiwaona wanahema juu, acha kulisha siku hiyo. Samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi, na chakula kinachobaki huoza na kula hewa iliyopo. Nunueni kipimo cha oksijeni kwa kikundi: ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, msilishe. Wakubwa wavuneni mapema kabla ya kusi. Waliokufa wazikwe nchi kavu, wasipelekwe sokoni.

Mwenye kibanda, Kayenze: Mwaka 2020 ziwa lilinifuata mpaka mlangoni, sasa limerudi nyuma. Nijenge palepale?

Hapana, usijenge hapo. Mei 2020 maji yalifikia rekodi ya 1964, na Mei 2024 yakaivuka. Takribani asilimia 80 ya maji ya ziwa hili ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo likijaa, linapungua polepole. Ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 40, ziwa likipanda mita 1 na nusu linasogea mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizohizo 60.

Pima hivi: jaza maji kwenye mpira wa uwazi wa mita 15, hakikisha hauna mapovu. Ncha moja ikae kwenye alama ya maji ya 2020 ukutani, nyingine uende nayo upande wa juu. Maji husimama usawa mmoja kotekote. Msingi mpya uwe mita 1 juu ya usawa huo.

Mkulima wa pamba, Kwimba: Bima ya mvua inafaa?

Inafaa ukiisoma. Hulipa kwa milimita zilizopimwa na setilaiti au kituo cha mvua, hakuna anayekuja kukagua shamba, hivyo kwako kunaweza kukauka na usilipwe. Uliza kituo kiko wapi na ni milimita ngapi zinazofungua malipo. Angalia pia tarehe: pamba hupandwa katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na mkataba unaoanza Januari hautakulipa mbegu iliyofia ardhini Desemba.