Karatasi ndiyo inayochagua utafiti wangu

Mdogo wangu,

Katika ujumbe wako wa juma lililopita umeniuliza mambo matatu: roboti ile ya kwenye picha inafanya nini hasa, ni nini kilichonisukuma kuingia katika kazi hii, na ni lini nitakuita nawe uje. Ungeishia hapo, ningekujibu kwa maneno machache. Lakini umeongeza kwamba huko Kadutu, kwetu Bukavu mashariki mwa Kongo, watu wanasema nina maabara yangu, nachagua mwenyewe la kutafiti, na kwamba Ulaya mtu mwenye akili hulipwa ili afuate yale yanayomvutia moyo. Maneno hayo yameniudhi, nami nimekaa siku nne bila kuandika ili hasira isinitangulie.

Roboti ile si yangu. Ni mkono wa chuma wenye viungo sita, unaookota vifurushi ghalani na kuvipanga kwa ukubwa, na kazi yangu ni kuufundisha utambue, kwa vipima-nguvu vilivyo kwenye vidole vyake, kwamba kitu kimeanza kuteleza kabla hakijaanguka. Ni swali zuri, sikatai. Ziko siku linaninyima usingizi kwa utamu wake. Hata hivyo silo swali lililonitoa Bukavu, na wewe kuliko mtu mwingine yeyote una haki ya kulijua lililonitoa, kwa sababu ni mguu wa baba yako.

Ulikuwa hujazaliwa. Mwanzoni mwa Juni 2004, mji wetu ulipotekwa na askari walioasi, baba mdogo alipigwa risasi chini ya goti akirudi kutoka sokoni, na mguu ukakatwa. Baadaye alipewa mguu wa plastiki wenye wayo wa mpira, akaushukuru sana. Lakini mguu ule ulifaa sakafu iliyonyooka, nasi tulikaa Cimpunda, ambako njia ni ngazi za udongo na mvua hunyesha miezi tisa kwa mwaka. Nilikuwa na umri wa miaka tisa siku aliyofika nyumbani akishikilia ukuta, wayo ukiwa mkononi. Tuliukaza kwa kipande cha tairi la pikipiki na waya. Alipokuwa akinimulikia taa aliniambia kwamba kinachomchosha si uzito wake. Mguu mzima humsukuma mbele, na huu hungoja kubebwa.

Kila nilichosoma baada ya hapo nilikisoma kwa ajili ya maneno yale. Kifundo cha mguu wa mtu mzima wa afya ni springi na injini kwa pamoja: mwili unapokipita, kano ya kisigino huvutika na kuhifadhi nguvu, kisha huiachilia pamoja na nguvu ya misuli ya shavu la mguu wakati kisigino kinapoinuka. Wayo wa mpira hauna nguvu ya kutosha ya kurudisha. Yupo Hugh Herr, Mmarekani aliyepoteza miguu yake yote miwili baada ya kukwama mlimani kwenye baridi kali mwaka 1982, ambaye alitengeneza vifundo vyenye injini na kuvitembelea yeye mwenyewe. Lakini vifundo vya namna hiyo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na hutaka kuchajiwa kila siku, jambo ambalo wewe unayeijua SNEL, shirika letu la umeme, huhitaji kuelezwa. Mwaka 2015 mtafiti Steven Collins na wenzake walionyesha kwamba kifaa kisicho na injini wala betri, chenye springi na klachi tu, kikivaliwa kifundoni kinapunguza nguvu anayotumia mtu kutembea kwa takriban asilimia 7. Nilipoisoma makala ile niliiona njia ya Cimpunda ndani yake. Klachi! Kitu ambacho kila fundi wa pikipiki pale kwetu anakifungua na kukifunga akiwa anaongea na mtu. Nilitaka kutengeneza wayo wa aina hiyo kwa ajili ya watu waliokatwa miguu, wayo unaoweza kutengenezwa na kurekebishwa Bukavu, na kwa miaka miwili hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.

Sasa nikueleze kilichoikatiza. Kadi yangu ya ukaazi hapa Ubelgiji inaitwa karata A, maana yake ninakaa kwa muda na kwa sababu maalumu, na sababu yangu ni mkataba. Mkataba wangu wa utafiti ni wa mwaka mmoja mmoja, nao hulipwa kwa fedha za mradi. Fedha zikiisha mkataba unaisha, na mkataba ukiisha karata nayo inafuata. Fedha za wayo ziliisha Mei 2022. Profesa wangu alinieleza kwa upole kwamba hakuna mfadhili aliyeutaka mguu usio na injini, kwa kuwa watakaouhitaji hawana cha kuununulia. Juma lile lile ilitokea nafasi katika mradi wa ghala. Sikujiuliza kama nauelewa wala kama naupenda. Nilihesabu siku zilizobaki kwenye karata, nikatia sahihi. Mwenzangu Mbelgiji wa meza ya pili, ambaye hanizidi akili, aliikataa nafasi ile, akakaa miezi minane bila kazi akisubiri mradi anaoupenda, akaupata. Yeye alikuwa na uwezo wa kungoja. Kungoja kwangu kuna tarehe iliyochapishwa kwenye plastiki.

Liko pia jambo ambalo sijawahi kukuambia waziwazi. Baba yako alipofariki Septemba ile, nyumbani mlisema kwamba nilituma pesa za sanduku badala ya kuja. Nilikuwa nasubiri karata mpya, na nilichokuwa nacho ni hati ya muda ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, inayokuruhusu kukaa ndani ya nchi lakini si kutoka na kurudi. Nilitazama mazishi kwenye simu, picha ikikatika kila mara, kisha mchana nikaenda maabarani kwa sababu majaribio ya mkono yalikuwa yamepangwa. Ningeweza kuamua kuja na kupoteza yote. Sikuja. Sikuombi uniambie kwamba nilifanya vizuri.

Kwa hiyo usije. Usikubali mama mdogo auze kiwanja cha Bagira ili amlipe mtu anayekuahidi viza. Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi Mkongo mwenzetu, hakuhitaji ruhusa ya komini yoyote ya Ulaya: mwaka 2013 roboti zake za alumini, zinazotumia nguvu za jua, zilisimama kwenye njia panda za Kinshasa zikiongoza magari. Lakini Kinshasa ya 2013 si Bukavu yako. Najua waasi wa M23 walivyoingia mjini Februari 2025, benki zikafungwa, nami sina haki ya kukudai ujasiri ambao mimi sikuuonyesha. Basi nitumie matokeo yako ya mwaka wa kwanza na wa pili, nitayasoma pamoja na watu ninaowaamini. Jifunze Kiingereza kila siku, hata saa moja, maana maandiko ya fani hii karibu yote yameandikwa kwa lugha hiyo. Usikimbilie programu za kompyuta ukaziacha hesabu na mekanika. Na ukipata ufadhili wenye sharti la kurudi nyumbani, lipokee. Mimi niliogopa sharti hilo, nikaacha nafasi mbili, na leo ningekuwa nimerudi na kazi yangu mikononi. Minervali yako, yaani ada ya chuo, nitailipa, hilo usilitaje tena.

Lakini nakuomba jambo moja mapema. Mguu wa baba uko bado chini ya kitanda cha mama mdogo, umefungwa kwenye kitenge. Mwombe ruhusa kwa heshima, na akikataa usimsukume. Akikubali, upige picha wayo kutoka chini na kutoka pembeni, rula ikiwa kando yake, kisha upime kwa milimita jinsi mpira ulivyolika kisiginoni na kwenye vidole, upande wa ndani na upande wa nje. Alipanda na kushuka Cimpunda kwa wayo ule wa mwisho kwa miaka minne, na vipimo vya namna hiyo sijaviona katika maabara yoyote hapa. Jumapili sifanyi kazi. Nipigie baada ya misa, hata kama hujapima.